Binti Yangu Anakaa Kisumu Sasa

Watu wengi hudhani amri ya malezi ya watoto ikishatolewa imetolewa, kama hati ya shamba. Ukipewa mtoto ni wako hadi atimize miaka 18. Ukinyimwa, kaa kando utume pesa. Dhana hiyo ndiyo inayowafanya wazazi waliotengana wapigane kesi ya kwanza kufa na kupona, kana kwamba hakutakuwa na siku nyingine.

Korti iliyotoa amri ya malezi inaweza kuibadilisha, kuisimamisha au kuifuta kabisa, mzazi yeyote akirudi na sababu. Nalijua hilo kwa kuwa lilinifika mimi mwenyewe, tena nikiwa upande ambao wanawake wa huku kwetu hawapendi kuuzungumzia. Nilikuwa mama aliyepewa watoto, na baba yao akarudi kuomba mmoja.

Faili yetu ni ya 2018, Mahakama ya Watoto, Nakuru. Binti yangu alikuwa na miaka sita na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Baba yao alikuwa anarudi kwao Kisumu, mimi nikarudi kwetu Njoro. Sheria iliyotumika wakati huo ni Sheria ya Watoto ya 2001, iliyomhesabu mtoto wa chini ya miaka 10 kuwa mtoto wa umri mchanga, na kwa miaka mingi korti zetu zimeshikilia kwamba mtoto wa umri huo akae na mama yake isipokuwa pawe na jambo zito la kuzuia. Mawakili wanaitaja kesi ya Githunguri, inayosema hivyo, hata ukiwaamsha usiku. Kwa hiyo hatukubishana. Tulitia sahihi maafikiano, hakimu akayafanya amri, baba akapewa sehemu ya likizo na kiasi cha kutuma kila mwezi. Maisha yakaendelea.

Samansi ilinikuta dukani katikati ya 2024. Ninauza dawa za mifugo, mbegu na vyakula vya kuku, na saa hiyo nilikuwa nampimia mzee mmoja chakula cha vifaranga. Kijana wa shati jeupe alisimama kando, akangoja kwa adabu mzani utulie, ndipo akaniuliza majina yangu yote matatu. Nilidhani ni mtu wa kaunti amekuja kukagua leseni. Akanipa bahasha na kuniomba nitie sahihi kwenye nakala yake. Yule mzee aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akaomba apunguziwe shilingi kumi.

Ndani mlikuwa na ombi, hati ya kiapo ya baba watoto, na viambatisho: barua ya mwajiri wake kuhusu saa za kazi, picha za nyumba ya vyumba vitatu, barua ya shule iliyo tayari kumpokea mtoto Gredi ya 7 mwaka uliofuata. Majina ya watoto yalikuwa herufi tu. Hata hukumu za kesi za watoto zikichapishwa huwa hivyo, herufi na nukta, ili mtoto asije kujulikana na kila mtu. Ni jambo jema. Lakini kumwona mtoto uliyemzaa ameandikwa kwa herufi tatu, hilo linataka ukae chini kwanza.

Nilifunga duka mapema nikaandika majibu yangu usiku kucha. Mliingia kila kitu: Krismasi aliyoahidi kuja asije, miezi aliyochelewesha pesa wakati wa korona, maneno ambayo dada yake aliwahi kunitolea kwenye simu. Wakili wangu ni mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alisoma, akachukua kalamu, akafyeka karibu yote. Akasema, "Mama, hakimu hataki malalamiko, anataka mabadiliko. Huyu ametaja mambo matatu yaliyobadilika. Tujibu hayo matatu."

Laiti kila anayepanga kurudi kortini angeambiwa hivyo mapema, awe anaomba au anajibu. Faili haifunguliwi tena ili ipimwe ni nani alikuwa mwema kwenye ndoa. Hakimu anauliza: tangu amri itolewe, maisha ya mtoto yamebadilikaje, na je, amri bado inamfaa? Mzazi amehamia mji mwingine, ameoa au ameolewa, ameugua, amepoteza kazi. Mtoto amekua, ameanza kukosa shule, anapigwa, anahitaji matibabu ambayo hayapatikani anakoishi. Hayo ndiyo mabadiliko. Kwamba mwenzako ana kiburi si badiliko. Alikuwa nacho tangu mwanzo.

Sheria yenyewe nayo ilikuwa imebadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ilikwisha kusema kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria mpya ya Watoto iliyoanza kutumika Julai 2022 ikalitia hilo msumari: hakuna mzazi mwenye haki kubwa kuliko mwenzake. Ile ya 2001 ilikuwa imemwachia mama mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hadi baba ajitokeze mwenyewe kuchukua jukumu. Wanaume wanaoshinda mitandaoni wakisema korti za watoto ni za wanawake hawajaisoma sheria hii. Wanawake wanaosema mtoto ni wa mama, period, nao hawajaisoma.

Mambo yake matatu yalikuwa haya. Binti ametimiza miaka 12 na amesema anataka kuishi Kisumu. Yeye baba sasa ana nyumba, mke, na kazi inayoisha saa kumi na moja jioni. Na mimi nimefungua duka ninalofunga saa mbili usiku.

La tatu liliniuma, maana lilikuwa kweli. Duka hilo ndilo lililolipa kodi ya nyumba miezi ile ambayo pesa zake hazikufika. Sioni aibu kuwa nalo hadi leo. Wakili aliniruhusu kuliandika hilo, sentensi moja tu.

Ukoo nao haukukosa neno. Mjomba wangu aliapa kwamba mtoto wa kike hapelekwi kwa mama wa kambo, akae huko na nani? Upande wa pili, shemeji mmoja alinipigia kunieleza kwamba watoto ni wa dala, yaani boma la baba yao, walikuwa wamekopeshwa tu Njoro. Niliwaacha waongee. Sheria inaitaja mila, ndiyo, lakini ndani ya orodha ndefu: matakwa ya mtoto kwa kadiri ya umri na uelewa wake, hali ya kila mzazi, kama mtoto ameumizwa au yumo hatarini, dini anayolelewa. Mila haikuwekwa kichwani.

Siku ya kwanza kesi kutajwa haikunibidi hata kwenda Nakuru. Ilikuwa ya mtandaoni. Nilijifungia stoo nyuma ya duka, nimekaa juu ya gunia la pumba, simu nimeiegemeza kwenye debe. Nilipoitwa nijibu kama nipo, mteja alikuwa anagonga kaunta akiulizia dawa ya minyoo ya mbuzi kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Hakimu akasema kwa upole, mama, zima maikrofoni. Kesi ikaahirishwa ili maafisa wa watoto waandike ripoti: mmoja aje kwangu, mwingine aende Kisumu kwa baba.

Kuhusu afisa wa watoto nina mengi, kwa sababu watu humwogopa bila kujua anatafuta nini. Nilipoambiwa siku ya kuja kwake nilifua vitambaa vya makochi, nikapiga deki, nikapika chapati. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, ana mkoba na daftari la mistari. Chapati alikataa, akaomba maji. Makochi hakuyaangalia. Aliuliza watoto wanalala wapi, akaingia, akahesabu vitanda. Aliomba daftari za shule, akazifungua kuanzia nyuma, zilipo kazi za karibuni. Akamuuliza binti yangu sare yake hukaushwa wapi mvua ikinyesha, na nani huifua. Binti akasema, mimi. Na ya mdogo wako? Mimi. Chakula cha jioni? Alitazama chini kidogo, kisha akasema huwa anaweka sufuria jikoni akifika, mama huja kumalizia.

Baadaye niliambiwa alipitia kwa jirani, na alikwenda shuleni kuzungumza na mwalimu wa darasa.

Ripoti ilipotoka tulipewa nakala sote. Haikusema neno baya juu yangu. Ilisema watoto wana afya, wanapendwa, wanakwenda shule. Halafu pakawa na aya moja, mistari isiyozidi mitano: kwamba mtoto wa kwanza hufika nyumbani saa kumi, humchukua mdogo wake, humwogesha, humpikia, na humsimamia kazi za shule hadi mama arudi, kwamba anafanya haya vizuri, na kwamba hana muda wake mwenyewe. Hivyo tu. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, na sijaona neno la kupinga.

Kwetu msichana wa miaka 12 kumlea mdogo wake ni jambo la kawaida. Mimi nililea watatu. Lakini nilipokuwa nawalea palikuwa na nyanya uani, shangazi nyumba ya pili, na mama aliyekuwa shambani, umbali wa kuitwa. Binti yangu alikuwa na simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na namba yangu.

Hakimu alizungumza naye peke yake, chemba, bila mawakili na bila sisi. Mimi na baba yake tulikaa nje kwenye benchi, kila mtu mwisho wake, mdogo mtu katikati anakula biskuti na kumwagia wote wawili makombo. Alipotoka aliomba soda. Sijawahi kumuuliza alisema nini mle ndani, na nimewakataza wajomba zake wasimuulize. Mtoto akijua maneno yake yatarudi nyumbani kabla yake, atasema ya kumfurahisha atakayempikia jioni.

Neno zito la siku hiyo lilitoka kwa hakimu mwenyewe: watoto ni wawili. Ombi lilikuwa la mmoja. Korti haipendi kutenganisha ndugu wa tumbo moja bila sababu ya maana, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelijibu hilo kwa uzito wake. Akatupeleka kwa mpatanishi.

Huu upatanishi ulio chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016, kisha ukasambazwa kwenye miji mingine. Mpatanishi analipwa na mahakama, si na nyinyi. Mnapewa siku 60. Mnayosema mle ndani hayawezi kutumiwa dhidi yenu mkishindwa kuelewana, na mkielewana, makubaliano yanarudi kwa hakimu na kuwa amri kama amri nyingine yoyote. Wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye subira ya mtu aliyesikiliza wazazi wengi. Hakuuliza nani anamtaka mtoto. Alitoa kalenda ya shule, akaitandaza mezani, akasema tuanze na Januari.

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Kalenda haina matusi. Ukiambiwa uweke alama wiki gani mtoto atakuwa wapi, nani atamfikisha, na atalala wapi mvua ikifunga barabara, hasira inapungua kwa kukosa pa kukaa.

Kabla ya kukubali lolote niliomba kwenda kuiona nyumba. Baba watoto alisita, mkewe akasema nije. Tulinywa chai ya maziwa, hatukuwa na mengi ya kuambiana. Alinionyesha chumba, kitanda kipya kando ya dirisha. Nikauliza, neti iko wapi? Watu wa Njoro tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi inatusaidia kufukuza mbu. Kisumu ni ziwani, na malaria huko ni ya mwaka mzima. Mtoto aliyekulia baridini hana kinga waliyo nayo watoto wa huko. Yule mama hakukasirika. Alikuwa nayo kabatini, ya buluu, bado imo kwenye nailoni. Tukaifunga pamoja, mimi nimeshika kamba, yeye amepanda kiti. Nilivyorudi kwa mpatanishi nilitaka liandikwe: neti, na mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo. Limeandikwa. Wakili wa upande wa pili aliguna, lakini limeandikwa.

Tulichoafikiana kwa ufupi: tangu Januari 2025 binti anakaa Kisumu muhula wa shule, mdogo anakaa nami. Likizo zote wanakuwa pamoja, Aprili na Agosti wanagawana nyumba mbili, Desemba tunapokezana Krismasi. Likizo ya katikati ya muhula binti anakuja Njoro. Maamuzi makubwa, yaani shule, matibabu, dini, kusafiri nje ya nchi, bado ni yetu sote wawili. Hilo watu hulichanganya. Haki ya kuamua mambo ya mtoto na kukaa naye siku kwa siku ni vitu viwili, na unaweza kukosa kimoja ukabaki na kingine. Karo za wote wawili ni za baba, kila kitu kingine cha mdogo tunagawana. Hata bima ya afya ya SHA tuliiandika, watoto wasajiliwe chini ya nani, kwa sababu ile ya zamani, NHIF, ilikuwa imetoka kubadilishwa Oktoba 2024 na hakuna aliyekuwa na hakika ya chochote.

Jambo moja nampa baba yao. Agosti hiyo ya 2024 watoto walikuwa kwake likizo, kesi iko kortini, na ndugu zake walimshauri asiwarudishe. Wengi hufanya hivyo, kisha hushangaa hakimu akiwaona kwa jicho jingine. Mwenye amri mkononi ni mwenye amri hadi ibadilishwe, na anayemficha mtoto anajiharibia kesi yake mwenyewe. Yeye aliwarudisha siku iliyoandikwa, saa iliyoandikwa. Mimi nami, miezi ambayo pesa hazikuja, sikuwahi kumnyima kuwaona. Matunzo na kumwona mtoto havibadilishani. Ukikosa kimoja, shtaki kwa hicho. Usilipize kwa kingine.

Tunapokezana watoto Kericho, kituo cha matatu. Kutoka Nakuru unapanda hadi Mau Summit, wa Eldoret wananyoosha, sisi tunakata kushoto kupitia Londiani. Karibu kila alasiri mvua inanyesha Kericho, kwa hiyo tulijifunza kukutana kabla ya saa saba. Mara ya kwanza binti alishuka na begi, sanduku la vitabu, na kuku. Kuku! Dani yake, nyanya upande wa baba, alikuwa amempa zawadi ya kumletea mama Njoro, amefungwa miguu kwa kitambaa. Kondakta alikuwa amelipisha kiti cha kuku.

Majirani wameongea. Kuna waliosema nimenyang'anywa mtoto, kuna waliouliza kwa sauti ya chini nilifanya nini mpaka korti ikanitoa. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mbegu za sukuma wiki alisimama kwenye kaunta muda mrefu, kisha akaniambia mwanawe wa miaka 13 naye anataka kwenda kwa babake Kakamega, na yeye amemwambia akienda asirudi. Nilimwambia ninachojua: kwamba afisa wa watoto yupo katika kila kaunti ndogo na haulipii kumwona, kwamba FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, kwamba simu ya 116 ya watoto ni ya bure, usiku na mchana. Na kwamba makubaliano ya malezi mnaweza kuyaandika wenyewe wawili mkayapeleka mahakamani bila kuanza na ugomvi, kama mnasikizana. Alisema hawasikizani. Basi aanze kwa afisa wa watoto, nikamwambia.

Mimi sikunyang'anywa. Niliombwa, nikajibu, nikasikilizwa, na mtoto akasikilizwa. Jioni nyumba ni kimya kuliko nilivyozoea na mdogo mtu analalamika kwamba ugali wangu si kama wa dada. Nimeajiri msichana wa kunisaidia dukani, sasa nafunga saa kumi na mbili. Swali ambalo wakili wangu aliniuliza wakati huo, kama nisingeweza kufanya hivyo mapema, jibu lake ni hesabu: mwaka 2024 duka lilikuwa halijaweza kumlipa mtu wa pili.

Binti ana darasa la kuogelea sasa. Amerefuka. Anaongea Kiluo cha kunichekesha na ananiita kwa jina ambalo mama mkwe wangu alikuwa akiniita, Nyar Njoro, binti wa Njoro.

Na juzi mdogo wake, ambaye ana miaka minane, ametangaza mezani kwamba naye anataka kwenda Kisumu kwa sababu huko kuna ziwa na dada. Baba yake alinitumia ujumbe kuuliza nasemaje. Nimemwambia miaka minane si kumi na miwili, na ziwa si badiliko. Akiona vinginevyo, faili anajua iliko.